Tiki Moja

Fomu ina visanduku, kalamu ni ya kuazima,
na karani Nakirijja anasema: Nnyabo, chagua kimoja tu.

Nimetoka Nyendo alfajiri, picha sita kwenye bahasha,
nyuma peupe, masikio yote mawili yaonekane,
kana kwamba nchi inayonipokea
inataka kwanza kujua kama ninasikia.

Cha kwanza: mtegemezi.
Ada ndogo, wiki mbili, saini ya mume.
Rwegoshora ana kibali cha ajira, kiwanda cha kahawa kinamjua;
mimi nitaning'inia kwenye jina lake
kama kifungo kilichobakiza uzi mmoja.
"Chukua hicho," alisema jana, akipuliza chai. "Karatasi ni karatasi."

Karatasi ni karatasi. Lakini bibi yangu kule Kanyigo
alinichapa kwa methali kabla sijajua kusoma:
mtegemea cha nduguye hufa maskini.
Leo serikali inaniomba nitie saini chini yake.

Na kodi ya Nyendo, hulipa nani?
Muulizeni mwenye nyumba, tarehe tano huita jina gani mlangoni.
Sare za shule tatu zimepita chini ya sindano yangu,
kola mia mbili, marinda nisiyoyahesabu,
na umeme ulipokatika nilikanyaga cherehani
kwa mwanga wa simu, nayo ikifa.

Cha pili: biashara.
Hapo wanataka leseni, namba ya mlipakodi,
barua ya mwenyekiti, taarifa ya benki
(benki yangu ni kopo la maziwa ya unga)
na ada ambayo ni mabati kumi na nane ya mama.

Nilimpigia. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.
Kisha: "Mvua haijaanza. Andika."

Kalamu imekauka. Naitikisa, naipumulia.
Nyuma yangu foleni inaguna kwa Kiganda, kwa Kinyarwanda,
na mmoja kwa Kiswahili safi: huyu anaandika wosia?
Pengine.

Natia tiki. Imepinda, mkia umetoka nje ya kisanduku.

Nakirijja anaitazama, ananitazama.
"Mume unaye. Unajisumbua nini?"

Namwambia: sketi yako, pindo limefumuka upande wa kushoto.

Anainama, anaangalia, anacheka peke yake,
anagonga muhuri wa kupokea.
Wa kukubali, anasema, ni wiki nane. Labda tisa.

"Na pindo?"

Pindo ni kesho.