Dainamo Huhesabu Jumla

Lori ni la mwaka hamsini na tatu,
kijani cha jeshi kilichopauka
kikawa rangi ya njegere za kopo.
Tulilinunua mnadani, mjini Dauphin,
Taras akilipa nusu yake kwa simu, kutoka Vancouver,
mimi nikilipa nusu yangu,
kisha nikalivuta kwa trekta kilomita arobaini, theluji ikinipiga usoni.

Redio ilikuja baadaye, ndani ya kreti la mayai,
nzito kama ndama aliyekataa kuhama.
Vifundo vyake vina maandishi ya namna mbili,
Kiingereza, na chini yake herufi za Kirusi,
maana ilitengenezwa wakati wa vita, ipelekwe huko, haikufika.
Mama alizisoma kwa kidole, polepole,
msimu wake wa mwisho wa baridi,
akacheka: "Hata hiki chuma kimesoma kuliko baba yenu!"
Kisha akaniomba maji.
Kisha akaniomba nimgeuze upande wa pili.

Tabu ni hii:
lori lina volti ishirini na nne,
redio inataka kumi na mbili.
Betri ni mbili, zimekaa bega kwa bega chini ya boneti,
chanya ya hii imeshika hasi ya ile.
Wendell, jirani, alikuja na koleo mfukoni:
"Orysia, unajisumbua bure. Chuma kwenye betri moja.
Waya huu hapa, waya huu pale, kwisha."
Tukafanya hivyo. Ikawaka.
Nikasikiliza mwezi mzima
madereva wa malori wakilalamikia barafu,
na mtu mmoja, sijui wa wapi, akisoma namba.

Lakini betri hazisahau.
Ile iliyochumwa ilishuka, ikashuka,
na mwenziwe, asiyeombwa kitu, akajaa
mpaka tindikali ikamchemka tumboni.
Dainamo haina macho ya kutenganisha.
Dainamo huhesabu jumla,
ikiona ishirini na nne, yatosha, inaridhika.
Na kadi za pole zilipokuja
ziliandikwa hivyohivyo:
Kwa familia ya Hnatiuk, mliomtunza vema.

Mliomtunza.

Taras alifika kwa arobaini ya mama.
Kasisi aliimba, tukala ngano iliyopikwa kwa asali,
wageni wakaenda zao, vyombo vikabaki.
Sikumwambia kitu. Nilichukua tochi,
nikaenda gerejini, digrii thelathini chini ya sifuri,
hita ikinuka mafuta ya taa.
Alinifuata, na viatu vyake vya mjini.

Nilikuwa nimenunua kigeuza volti,
kijisanduku cha bati chenye mapezi kama samaki:
huchota kwa zote mbili, sawasawa,
hutoa kumi na mbili upande wa pili.
Kebo nyekundu, nene kama kidole changu cha mwisho.
Fyuzi karibu na betri, si karibu na redio,
moto ukianza uanzie mahali pa kufia.
Nilikwangua rangi kwenye chasi mpaka chuma kikang'aa,
kwani hasi bila chuma kitupu ni ahadi tu.

"Shika mita," nikamwambia.
Akashika. Akapima moja: kumi na mbili nukta sita.
Akapima ya pili.
Akapima tena, akafuta ncha kwa shati lake,
akapima mara ya tatu.
"Hii imechoka," akasema.
"Ndiyo."
"Tangu lini?"
Nikakaza nati. Spana iliteleza, nikajikwaruza kidole.

Hakuuliza tena.
Alikwenda ukutani akaleta chaja,
akapiga magoti kwenye saruji ya barafu na suruali yake ya kanisani,
akaiunganisha kwa ile moja. Ile moja tu.
Akakaa palepale kuitazama sindano,
kama mtu anayekesha.

Redio hatukuiwasha usiku ule.
Ilipofika saa nane nilimletea blanketi.
Akasema, "Nenda ukalale, Orysia.
Mimi nipo."