Dudu Liko Uchi

Umevaa glavu nyeupe kumshika Dorogama,
kijana, kama mkunga.
Unaniuliza rangi hii ya ngozi ilitoka wapi,
nani aliibuni, aliwaza nini.
Kaa. Hapo kwenye ndoo, igeuze kwanza.

Ilitoka kwenye deni.

Kiwanda cha Kurihara kilikuwa banda la bati
nyuma ya bafu la umma, mtaa wa Yotsugi:
tanuri mbili, wanawake watano, redio isiyozimwa.
Mwezi wa sita, mvua ile inayoozesha viatu miguuni.
Dorogama alipaswa kuwa kijani,
kijani cha tope la mpunga,
ndivyo alivyokuwa runingani
kwa wale waliokuwa na runinga ya rangi.

Ijumaa lori halikuja.
Muuza rangi alikuwa amelipwa ahadi miezi mitatu,
na ahadi haijazi pipa.
Madukani walitaka mzigo Jumatatu.
Kurihara akazunguka banda akifungua vifuniko,
akanusa hiki, akanusa kile,
mpaka akalifikia pipa la wanasesere,
wale vichanga tuliowafyatua kwa ajili ya Marekani
hadi Wamarekani walipopata wa bei ya chini kwingine.
Uji wa vinili, rangi ya shavu la mtoto wa Kizungu,
na utando juu kama maziwa yaliyosahauliwa.
"Mimina," akasema. Hakututazama.

Tukamimina.
Kalibu ndani ya mafuta ya moto,
hesabu hadi ishirini, toa, mwaga uji uliozidi,
rudisha motoni, kisha koleo:
unamvuta dudu kwa shingo angali laini,
anachomoka kwa mlio wa busu
na mvuke wake unakupofusha.
Arobaini na wawili, halafu upawa ukakwaruza bati.
Mimi, Shigeno, nilikuwa wa kupuliza rangi.
Nikawapa mgongo wa chungwa, nikawapa macho,
nikaona haya, kama mtu anayewavisha wagonjwa.

Kizuri chajiuza, wanasema. Wale walitembezwa.
Duka la kwanza likawakataa, la pili likacheka,
mwenye kibanda cha sigara karibu na reli
akawachukua kwa nusu bei,
akawatundika juu kabisa, jirani na dawa ya mbu.
Kiangazi kizima walining'inia pale wakipauka.

Leo unaniambia mmoja amenunuliwa kwa bei ya gari.
Unaniambia kuna watu hukaa ofisini kupanga uhaba:
thelathini wa zambarau, hamsini wang'aao gizani,
na wenzao hulala barabarani
wakisubiri bahati nasibu ya kuruhusiwa kununua.
Haya. Kwetu uhaba uliingia bila tiketi.

Sina hata mmoja, usiangazeangaze macho kabatini.
Nilimletea mwanangu Teppei wa mwisho kufyatuliwa,
mwenye mstari wa uchafu begani, masimbi ya pipa.
Akaenda naye shule. Wenzake wakamzunguka:
"Dudu lako liko uchi! Dudu lako liko uchi!"
Alirudi hakulia.
Akatoa rangi zake za maji, akaketi sakafuni,
ulimi nje,
akampaka kijani hadi katikati ya vidole.

Jioni nikaenda naye bafuni.
Maji yakageuka bwawa.
Wanawake wakaruka nje wakipiga mayowe,
nami nikainama kuomba radhi hadi kiuno kikauma,
na Dorogama, katikati, anaelea chali,
uchi tena.

Tangu hapo alimwogesha kwenye beseni, mlangoni.
Asubuhi, wali ukipoa, alimpaka upya.
Kijani kilipokwisha akatumia bluu.
Halafu kahawia. Halafu manjano
yenye unywele wa brashi uliogandia tumboni.
Hizo ziandike katika daftari lako, kijana,
sijui utaziita toleo la ngapi.
Kila rangi kipande kimoja,
na hakuna iliyovuka saa ya kuoga.