Kilo Arobaini na Moja na Nusu

Karani aliita jina lako mara mbili,
Anaeli Kimaro, mjibu maombi,
na wewe, uliyewahi kila kengele ya kanisa la Mwika,
ulikuwa unahesabu vifungo vya koti langu.

Mimi wameniandika mwombaji.
Neno hilo nimelibeba tangu stendi ya Moshi,
faili chini ya kwapa: ripoti ya daktari wa Mawenzi,
barua ya mtendaji, muhtasari wa kikao cha ukoo
wenye sahihi za baba wadogo wanne,
mmoja ameandika jina lake kama anayechonga jiwe.
Mwombaji. Ni kweli, baba, niliomba.
Usiku kucha niliomba nisipewe.

Elirehema hakuja. Alituma ujumbe kutoka Mwanza:
kihamba kisikae bila mwenyewe,
kuna mtu ana fedha taslimu.
Bila mwenyewe! Na mama amelala pale,
kati ya migomba na masale ya mpaka.

Hakimu alikuwa mwanamke wa rika langu,
miwani imefungwa uzi mguu mmoja.
Alisoma polepole:
amepoteza uwezo wa kuamua
mambo ya nafsi yake na mali yake.
Nikatazama kidole gumba chako cha kulia.
Miaka thelathini na moja kwenye ghala la ushirika
ukipima kahawa ya watu,
na hakuna mama, hata aliyeleta nusu debe,
aliyesema kidole kile kiligusa mizani.
Karani alikishika kama kitu kilichookotwa,
akakibingirisha kwenye wino,
akakigandamiza juu ya mstari.
Kumbe mtu anaweza kukubali
kwa uzito wa mkono wa mwingine.

"Mzee," hakimu akauliza, "huyu unamjua?"

Ukaniangalia. Ukaanzia viatuni, ukapanda taratibu,
ukasema kwa ile sauti yako ya msimu,
"Arobaini na moja na nusu. Andika."

Benchi la nyuma walicheka, si kwa ubaya.
Hakimu hakucheka. Kalamu yake ilisita,
kisha ikaandika: Hakumtambua.

Nami nilinyamaza.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, kesho yake naenda bweni,
uliponivua viatu ukanipandisha kwenye mizani ya chama,
ukasogeza kile chuma kidogo mpaka mkono ukatulia,
ukanikatia stakabadhi kama mkulima yeyote:
Imepokelewa. Kilo 41½. Daraja la kwanza.
Ukirudi likizo, ulisema, zisipungue.

Ningesimama. Ningesema, Mheshimiwa, amenijua,
amenijua kuliko cheti changu cha kuzaliwa.
Lakini dawa zako za mwezi huu
zimelala kwenye akaunti isiyofunguka bila sahihi yako,
na yule mwenye fedha taslimu
ameshapima kihamba kwa hatua, jioni, akidhani hatumwoni.
Nikameza mate.
Muhuri ukapigwa, meza ikatetemeka,
na wewe ukaitikia, "Gunia linalofuata."

Sasa mimi ni mlezi wako. Hawakupata neno jingine.
Nakulea: nakuosha, nakukata kucha,
nachuja mtori usije ukapaliwa,
nasaini jina langu pale lilipokaa lako.
Wino umegoma kutoka gumbani.
Nimesugua kwa ndimu, nimesugua kwa mafuta ya taa;
umebaki kwenye zile nyufa ndogo
ambamo zamani ilikuwa ikikaa vumbi ya kahawa.

Stakabadhi ninayo. Imo ndani ya Biblia ya mama,
imepauka, lakini tarakimu zako zinasomeka.
Sijui niipeleke wapi. Hakuna dirisha la kuipokea.

Jioni nakaa nawe upande wa jiko.
Mlima hauonekani, wingu tu.
Unanishika mkono, unauinua kidogo, unauachia,
unauinua tena.

Nasubiri useme nimepungua kiasi gani.