Hapa Bado

Makambako upepo haupigi hodi.
Ndoo ya kwanza niliyoirusha juu ya paa
ilinirudia usoni, na baridi yake,
na wadudu wa usiku kucha wa Mikumi
waliogandia kiooni kama kunde zilizoungua.

"Anzia juu," alisema Ambakisye kwenye kiti chake cha turubai.
"Maji hushuka, hayapandi."
Miaka sita tunalala ndani ya gari hili,
bado ananifundisha njia ya maji.

Lilikuwa Kosta la shule.
Tuling'oa viti, tukaingiza kitanda, jiko la gesi,
kabati la vikombe lenye komeo,
maana vikombe vya mwanzo viliishia kwenye matuta ya Ilula.
Tulipaka rangi ya samawati juu ya njano,
lakini jua likilala upande, maneno ya zamani huchungulia:
ENDESHA POLEPOLE, WATOTO NDANI.
Na ndani ni sisi wawili, na redio.

Luvanda, kijana wa kuosha,
ana pampu inayokohoa kuliko inavyotema.
Alitaka elfu kumi na tano.
"Mama, hii siyo gari, hii nyumba."
"Basi subiri mwisho wa mwezi, nikulipe kodi."
Tukaafikiana elfu saba, sabuni yangu.

Matope yalitoka kwa mpangilio wa safari, kinyumenyume:
wekundu wa Mafinga,
kijivu cha Kitonga,
na chini kabisa, ndani ya bawaba za mlango,
vumbi la Kilosa tulilolibeba tangu Machi bila nauli.
Nilisugua kwa fulana ya uchaguzi uliopita;
mgombea akawa anatabasamu ndani ya povu.

Kopo la nta lilibaki robo, gumu kama jibini.
Nililiweka juani. Jua la Makambako likalitazama tu.
Nikalikumbatia chini ya koti, kama yai,
mpaka likalegea.

Nta unaipaka kwa duara,
unasubiri ifanye ukungu,
ndipo unafuta.
Ukungu. Neno hilo siku hizi nalikwepa.

Daktari wa Iringa alisema ni mtoto wa jicho, yote mawili.
Ambakisye akacheka mpaka nesi akachungulia.
"Mapacha," akasema. "Uzeeni huku. Mke wangu, pika uji."
Mimi sikucheka. Nilicheka baadaye, barabarani,
nikalazimika kuegesha.

Basi alisimama, akalishika gari kwa kiganja
tangu taa ya nyuma,
taratibu, kama mtu anayempima ng'ombe mimba.
"Hapa bado."
Nikafuta.
"Hapa bado."
Luvanda alikuja kuangalia: palikuwa bado kweli.

Akapita dirisha la jikoni. Akapita tangi.
Nikajua anaelekea wapi.

Kitonga, Jumanne, magharibi,
lori la mbao lilinibana kwenye kona
nikauparuza ukingo wa chuma, upande wake, kushoto.
"Nini hicho?" aliuliza.
"Tawi," nikasema.
Miaka thelathini na moja aliendesha malori hadi Tunduma,
nami nikamwambia tawi.

Vidole vilifika. Vikasimama.
Vikarudi nyuma, vikapima:
shubiri moja na nusu, na kina cha ukucha.
Luvanda alinitazama. Mimi nilitazama kopo.

"Hapa," akasema Ambakisye,
"paka mara mbili."

Nta ilikwisha palepale.
Upande wa kulia, nyuma, haukupata kitu;
Luvanda aliufuta kwa mafuta ya kupikia, akaapa hautajulikana.
Na kabla hatujafunga ndoo
upepo ulileta unga wa mbao toka kiwandani
ukanata juu ya kazi yote.

Kesho Mbeya, hospitali ya rufaa.
Bendeji itafunguliwa Ijumaa, na anataka gari liwe mlangoni.
Nimeshahesabu: Igawa kuna vumbi, Chimala kuna vumbi,
Uyole nitatafuta ndoo nyingine.

Nikafunga komeo la vikombe. Nikawasha.
Ametoa mkono dirishani, kiganja kimelala mlangoni,
juu ya samawati, pale herufi zinapoanzia.

"Endesha polepole," akasema,
akanyamaza,
akiningoja nimalizie.