Kamba ya Mbuzi

Asubuhi ile, pale Isyonje, ukungu ulikuwa umelala barabarani
kama ng'ombe asiyetaka kuswagwa.
Julai. Vidole vimekufa ganzi kwenye usukani.
Nyuma, madumu sita ya maziwa
yakigongana polepole, yakinong'onezana.

Kisha taa mbili, upande wangu wa barabara.
Kisha kishindo.
Kisha maziwa, meupe juu ya lami,
hata sikujua maziwa yanaishia wapi
na ukungu unaanzia wapi.

Aliyeshuka kwenye Kanta ni kijana, Lwitiko,
kofia ya sufi, mabuti ya mvua.
Alinipa pole kabla sijajua nimeumia wapi.
Akanishika bega la kulia, nikapiga yowe, tukajua.
Stika ilikuwapo kwenye kioo chake,
imebabuka kwa jua la mwaka juzi.
Trafiki akaingiza namba kwenye simu,
akatikisa kichwa, akaingiza tena,
kama mtu anayemwita marehemu kwa jina.

"Mama, mimi nina viazi," Lwitiko akasema.
"Gunia kumi na nne. Chukua."

Wiki ya tatu, mkono ukining'inia kwenye kitenge,
nilipanda ngazi kwa Subilaga, wakala wa bima pale Uyole,
juu ya duka la mbolea.
Nikamwekea karatasi mezani:
Mimi nimelipa. Sijawahi kuruka mwaka.
Akaisoma. Akanimiminia chai.
"Hii ni bima ndogo, mama."
Najua ni ndogo. Nipe hicho kidogo.
"Hii haikulindi wewe," akasema.
"Inamlinda yule utakayemgonga."

Nilishuka ngazi na neno lile
kama kipande cha muwa katikati ya meno.

Jioni nikamkuta mbuzi wangu chini ya mparachichi,
amejizungusha mpaka kamba imemwishia shingoni.
Nikainama kumfungua kwa mkono mmoja,
na hapo ndipo nilipoelewa.
Kamba hii sikuinunua kwa ajili ya mahindi yangu.
Niliinunua kwa ajili ya mahindi ya mama Sekela.
Yanayoyalinda ya kwangu ni mafundo ya kwake,
ambayo sijawahi kuyagusa wala kuyavuta nione.
Kijiji kizima tunalala usingizi
juu ya fundo alilofunga mwingine.

Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake,
tunasema, tunacheka, tukiwasema wakubwa.
Na asiye na kamba?
Huyo anakula mpaka kwako.

Tena wapo, Subilaga aliniambia, wenye kamba ya mgomba:
asubuhi imeshika, mchana imekatika.
Bima ipo, lakini ikilipa gari inaliacha bega,
ikilipa bega, maziwa yamekwenda na mtaro.

"Ipo bima kubwa," alisema. Hiyo, naona sasa, ni ua.
Unazungushia shamba lako mwenyewe,
humuulizi mtu kama mbuzi wake kafungwa.
Aliniandikia bei pembeni mwa gazeti.
Niliikunja. Sikuisoma mara ya pili.
Ninayo bado, chini ya kopo la sukari,
na kila mwisho wa mwezi naweka juu yake
noti moja, nguzo moja ya ua.
Mwezi wa Septemba niliila nguzo: ada ya mtoto.

Jumapili iliyopita Kanta ilisimama mlangoni.
Kabla ya salamu nilizunguka mbele,
nikasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo.
Stika mpya. Tarehe nimeisoma mara mbili.

Hainilipi mimi. Bega langu sasa linatabiri mvua
kuliko redio.
Ile ni ya mtu mwingine, sijui nani,
atakayetokea mbele yake kwenye ukungu
asijue kwamba alishafungiwa fundo.

Lwitiko alikuwa amesimama, kofia mkononi,
akisubiri kama mwanafunzi aliyeleta daftari.

Nikamwambia, haya, shusha viazi.