Kina

Neno hili lina maana mbili, na zote
nilizikuta siku moja, nje ya Fungu Yasini,
tukitafuta nanga ya tishari iliyokatika mnyororo.

Pazi alitangulia. Mimi nyuma, kamba kiunoni,
kibao cha kuandikia kifuani, penseli imefungwa kwa uzi.
Juu, kwenye boti ya faiba, Chausiku na saa yake ya Kariakoo.
Dakika kumi na mbili, nilimwambia, halafu vuta.
Hata nikigoma, vuta.

Mita kumi: masikio. Unabana pua, unapuliza, yanafunguka.
Mita ishirini: wekundu hufa kwanza;
mkanda wa Pazi ukawa rangi ya ini.
Mita thelathini nikajiuliza saba mara nane,
nikapata hamsini na sita, nikafurahi
kupita kiasi cha furaha ya hamsini na sita.

Hewa ilikuwa ile ile tuliyoibeba kutoka Kunduchi.
Sehemu yake kubwa ni naitrojeni: haina harufu, haina kazi,
mgeni aliyekaa kimya barazani miaka yote.
Mkandamize kwa uzito wa bahari
ataingia ndani, atapanda kichwani, ataanza kusimulia.

Mita arobaini na moja. Mawazo yakajipanga yenyewe:

    Maji haya ni kitanda, shuka zake za hariri,
    Nani aliyenifunda, kuogopa hii heri?
    Saa nayo nimependa, ilivyoacha safari,
    Juu nani atapanda, na huku chini kuzuri?

Vina sawa. Mizani kumi na sita, haikupungua hata moja.
Mimi, ambaye shuleni daftari langu la ushairi
lilirudi limejaa wino mwekundu!
Hapo ndipo ningeogopa.
Kina kikizidi, vina hujileta.

Pazi alikuwa ameiona nanga. Hakufunga kamba.
Alikaa juu ya mkono wake wenye kutu,
akavua pezi la kulia, kisha la kushoto,
akayapanga pamoja, ncha zikitazama nje,
kama mtu anayeingia kwa mkwewe.
Kisha akagonga chuma kwa kifundo cha kidole
mara tatu. Akangoja.
Nyuma ya kioo macho yake yalijaa adabu.

Nilijua la kufanya. Nataka hili lieleweke: nilijua.
Mshike, pandeni taratibu, mita kumi tu,
ulevi utabaki chini. Hauhitaji ndimu wala usingizi.
Nilimfundisha mwenyewe, kwa chaki, ukutani pa stoo.
Nikatoa kibao, nikaandika: HEWA SABINI. PANDA.
Nikamwonyesha. Akainamisha kichwa kwa heshima.
Nikaona kazi yangu imekwisha.

Kamba ikakaza.
Ikanivuta, na mkononi mwangu, sijui tangu lini,
mlikuwa na mkanda wa mtungi wa Pazi.
Mita thelathini na mbili mtu akawasha taa kichwani.
Nikaona nyayo za Pazi, tupu, nyeupe, zinapiga maji
kama za mtoto anayebebwa usingizini.
Mita tano tukaning'inia tukitoa gesi,
tunatazamana, kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Chausiku alikuwa anatafuna muhogo.
"Kumi na mbili zimeisha. Na chai inapoa."
Hakujua lingine, na sikumwambia.
Pazi akauliza nani kachukua mapezi yake,
akacheka, akaapa hajagonga kitu, hajavua kitu,
mimi ndiye niliyelewa.

Nikageuza kibao nimpe ushahidi.
Hapakuwa na sabini. Hapakuwa na panda.
Kwa mwandiko wangu, mistari imenyooka,
mbele na nyuma, mpaka pembeni pa mwisho:
Karibu. Karibu. Karibu ndani.

Nanga ile haijatolewa hadi leo.
Na mapezi yako pale mlangoni,
yamepangwa, yanamngoja mwenyewe atoke.