Mengineyo

Dalali alikuwa na kandambili na haraka.
Akatupitisha Msewe, akatupitisha Savei,
vyumba vitatu kwa elfu kumi ya kuonyeshwa:
"Hamjapenda? Sawa. Lakini mguu umeshatembea."
Cha nne, Changanyikeni, kule mlimani,
tulikipenda kwa sababu tulikuwa tumechoka.

Elfu themanini kwa mwezi. Miezi sita, mkononi.
Na mwezi wa saba ni wa dalali,
mwezi tunaoulipia
na hakuna atakayeulala.

Jumapili usiku Koku aligeuza daftari la Takwimu,
ukurasa wa mwisho,
akapiga mistari kwa kitambulisho cha chuo.
Yeye anasoma Uhasibu, mimi Jiografia,
kwa hiyo yeye aliandika, mimi nikashika tochi ya simu.
LUKU ilikuwa imeisha.
Mwenye nyumba alisema aliyepiga pasi ndiye anunue,
na tangu hapo nyumba nzima
inavaa mikunjo, kwa ushahidi.

Kodi. Maji, madumu sita kwa wiki,
kila dumu na bei yake ya kupanda kilima.
Unga, maharage, mafuta ya kupima.
Gesi au mkaa? Tulibishana nusu saa:
gesi ilishinda kwa hoja,
mkaa ukashinda kwa bei.
Nauli, ya kwenda tu.
Chini kabisa akaandika: Mengineyo, elfu tano.
Akapiga mistari miwili kama wahasibu,
tukalala matajiri.

Mengineyo yalianza Jumatatu.
Kofuli, maana waliotutangulia waliondoka na lao.
Sabuni. Pedi.
Rambirambi ya kiongozi wa darasa, kafiwa na mama.
Sumu ya panya, mia tano;
panya akaipita, akala mchele.
Kuchapisha kazi ya kikundi: majina saba kwenye jalada,
waliolipa wawili.
Na kiazi kimoja cha kuchoma
jioni ile niliyofeli jaribio.
Niliandika "kiazi", nikafuta,
nikaandika "afya".

Kufika Alhamisi yalikuwa yameshakula Maharage,
sasa yanaitazama Nauli.

"Kosa letu tumeyaweka chini," Koku akasema.
"Tungeyaanza juu,
hii kodi ndiyo ingekuwa mengineyo."

Bumu? Litatoka kesho.
Kuna kesho ya kalenda na kuna kesho ya bumu.
Tusajigwe yeye anabebana na mwenzake hosteli,
kitanda kimoja chembamba:
mmoja akitaka kugeuka, anaomba,
wanageuka wote.
"Njooni," anatuambia, "nafasi haikosekani,"
na anacheka, na shingo imempinda.

Ijumaa, usiku wa sita wa giza,
simu ikatetemeka juu ya ndoo.
Umepokea 31,800.

Baba. Newala.
Korosho bado ni maua, najua, nimehesabu miezi.
Thelathini ni zangu.
Hiyo elfu moja mia nane ni ya kutolea.
Namwona amesimama kwa wakala, kofia mkononi:
"Akienda kutoa huko, mtoto, watamkata ngapi?"
Hajaandika bajeti tangu azaliwe.
Hajasahau makato hata mara moja.

Koku akaingiza thelathini kwenye Mapato.
Ile iliyobaki akaizungushia duara,
kalamu ikasimama hewani.
"Hii naiitaje?"
Sikumjibu.
Nililipa moja kwa moja kwa simu,
elfu moja mia nane, yote, umeme.
Tukatoka hadi kwenye mita ukutani,
nikasoma tarakimu ishirini, naye akabonyeza,
tukakosea, tukaanza upya.

Taa ikawaka.
Koridoni mlango ukafunguka,
ukafuata mwingine, na mwingine,
na nyumba nzima, bila salamu,
ikatoa pasi.